Magauni ya Waliojipima kwa Simu

Jumatatu, 4 Machi

Limerudi jingine. La kijani, la yule mama mwenye duka la dawa. Kalileta mwenyewe, kalikunja vizuri ndani ya mfuko, tena kwa adabu — afadhali angenigombeza. Akasema labda ni yeye kanenepa. Nikamwambia avae nione. Kifuani linambana mpaka vifungo vinaomba msaada. Kiunoni linapwaya, ungeweza kumtia na mto wa kulalia humo. Na ni fupi. Si fupi sana, kiasi tu cha kumfanya mtu mzima aonekane kaazima nguo ya mdogo wake.

Sielewi. Nilikata kwa vipimo vyake mwenyewe. Nilishona kama ninavyoshona siku zote, tangu nikiwa msichana naokota pini chini ya meza ya mama yangu. Mtu ananenepa, sawa. Lakini ananenepaje kifuani huku anakonda kiunoni huku anarefuka?

Nimelifumua lote. Nafumua huku nasali kimya kimya: Baba, mikono hii umenipa wewe. Kama unaichukua, niambie mapema.

Jumatano, 6 Machi

Niandike taratibu. Labda nikiona maneno yamekaa kwenye karatasi nitaelewa.

Tangu mkaza mwanangu atuundie tovuti, wateja wengi siwaoni sura. Wanajipima wenyewe huko waliko, wanaandika namba, namba zinanifikia, mimi nakata. Huyu ni mke wa kijana wangu mkubwa. Kijana yuko mbali kikazi, mke tunaishi naye hapa, chumba cha nyuma, yeye na kompyuta yake yenye kioo kikubwa kama dirisha la jikoni. Kasomea kazi hiyo. Tovuti yetu ndiyo ya kwanza kuiunda peke yake. Aliniundia kama zawadi, bila kuombwa. Nililia siku ile.

Kuna ukurasa unaitwa Jipime Mwenyewe. Juu kabisa ni picha ya mkwe kasimama wima, anatabasamu. Chini yake mistari minne: wa kifua, wa kiuno, wa nyonga, wa urefu. Kila mstari kushoto ni maneno, kulia ni picha ya mkwe kashika futi mahali panapohusika, na chini ya picha kisanduku cha kuandikia namba. Maneno ni yangu. Alinikalisha mbele ya kioo akasema, Mama, wewe sema tu kama mteja yuko mbele yako. Basi nikawa naweka kidole kwenye picha, nasema. Hapa acha vidole viwili vipite kati ya futi na mwili. Hapa kaza, futi ikumbatie. Hapa legeza, jaribu kukaa kisha usimame. Hapa vaa viatu utakavyovaa na gauni hilo, simama wima. Akaandika vile vile, neno kwa neno. Niliposoma nikajiona msomi.

Na wapo ambao yamewakaa! Mhasibu wa hospitali — lake lilimkaa kama ngozi, akaagiza la pili. Lakini wengine wanarudi, na wote wana ugonjwa mmoja. Kubana kifuani, kupwaya kiunoni, ufupi. Kama ningekosea kwa bahati mbaya, ningekosea kila mmoja kivyake. Hii ni nini sasa?

Nilidhani ni futi yangu imevutika kwa uzee. Nimenunua mpya, nikazilaza mbili pamoja mezani. Sawasawa, hata unywele haupiti. Mkwe akapita akaniuliza napima nini. Nikamjibu naipima futi. Akacheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa daktari wa macho bila kumwambia mtu. Kanisomesha herufi mpaka zile za chini kabisa, za sisimizi. Zote nimezisoma. Akasema miwani inatosha, macho hayana neno. Nikamuuliza kama jicho linaweza kuona sawa herufi na kuona vibaya kitambaa. Akanitazama kidogo, akasema nijitahidi kupumzika.

Baba watoto kajua tu. Mume wangu huyu aliendesha lori miaka mingi, hakuna unachoweza kumficha, anakutazama kama anatazama kioo cha pembeni. Jioni tukiwa tunakunywa chai akazunguka zunguka na maneno, hali ya hewa, bei ya vitunguu, halafu akafika alikokuwa anakwenda. Akasema, "Mimi nilijua wakati wa kuacha lori, mama watoto. Siku nilipogusa ukuta nikasema basi, kabla sijagusa mtu. Hakuna aibu."

Alisema kwa upendo. Ndiyo maana iliuma. Mtu akikusema kwa chuki unamjibu.

Nimejaribu kufikiri mimi ni nani nisiposhona. Nimefikiri mpaka chai ikapoa.

Jumapili, 10 Machi

Ibada nzima nilikuwa natazama bega la dada aliyekaa mbele yangu. Mshono umekaa vizuri mno. Si wangu. Nikajikuta namwonea wivu fundi nisiyemjua, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Nisamehewe.

Magauni ya kwaya yamejaa mezani. Hii ni kwaya ya wanawake ya usharika wa mji mwingine. Mwalimu wao alituona kwenye intaneti akaagiza, kila mwimbaji na vipimo vyake. Wana mkutano mkubwa wa uimbaji, watasimama mbele ya kwaya nyingine zote. Yote nimeshayakata, mengi nimeshayaunga, yamebaki kola na zipu. Zambarau, kola nyeupe. Yakiwa yamelala ni mazuri kweli. Lakini hata lile la kijani lilikuwa zuri likiwa limelala.

Leo nimemwambia Mungu wazi, kwa sauti, mlango umefungwa. Kwaya hii wakivaa yakawakaa, naendelea. Yakiwakataa, naweka mkasi chini, cherehani nampa anayeihitaji, na sitanung'unika. Nilipomaliza kusema nikaogopa. Sijui kama niliomba au niliweka dau.

Jumanne, 12 Machi

Karani wa shule kapiga simu. Lake la bluu pia. Kifua, kiuno, urefu — nilimtajia mimi mwenyewe kabla hajasema, akashangaa, akaniuliza nani kaniambia.

Nimeanza kutafuta wanaofanana. Waliokaa vizuri: mhasibu, mke wa mchungaji wetu, mkutubi. Waliokosewa: mama wa duka la dawa, karani, muuguzi wa zahanati naye kasema anakuja. Nilidhani labda wanaosali sana yanawakaa. Halafu nikakumbuka mkutubi hasali kabisa, tena anajisifia. Labda wembamba? Mhasibu si mwembamba hata kwa kumsaidia. Labda vitambaa vyeusi? Upuuzi. Nimekaa na majina haya kama mtu aliyepewa funguo nyingi na hana mlango.

Alhamisi, 14 Machi

Leo imekuwa siku. Mkono unakimbia, niandike kabla sijasahau.

Muuguzi kaja na gauni lake kalivaa kabisa mwilini, ili nisibishe, kasema hivyo hivyo. Kaingia ananyanyua mikono nione kwapa zinavyovutika. Mwanamke huyu anaongea kama redio, lakini hana ubaya. Akaanza kunisimulia jinsi alivyojipima, chumba gani, mume alivyomshikia ncha ya futi na kuanza kumtania. Akasema kafuata kila neno langu. Hata viatu vyake virefu alivivaa wakati wa kupima nyonga. "Nikajiuliza nyonga na viatu wapi na wapi? Nikasema Fundi anajua."

Nikasimamisha pasi. Nikamwambia viatu ni kwenye urefu. Akasema hapana, ni kwenye nyonga, kwenye urefu hukuandika chochote, mimi nikapima miguu mitupu. Nikamwambia dada yangu, maneno yale nimeyasema mimi kwa kinywa changu. Akasema na mimi nimeyasoma kwa macho yangu. Tukabishana pale kama watoto wanaogombea kiti, yeye na gauni linambana, mimi na pini mdomoni. Mwishowe akatoa simu.

Simu yangu mimi ni ya kubonyeza, ina tochi na inatosha. Kwenye hizi za kupangusa nilikuwa sijaitazama tovuti yetu hata mara moja. Niliiona kwenye kioo kikubwa cha mkwe tu. Basi nikaishika ya muuguzi. Nikaigusa, ukurasa ukanikimbia. Akairudisha. Nikaona mkwe wangu kasimama anatabasamu, sawa. Lakini chini ya tabasamu yake yapo maneno: Hapa acha vidole viwili vipite. Vidole vipite wapi? Pale hakuna futi. Nikashuka. Picha ya kifua. Chini ya picha ya kifua: Hapa kaza, futi ikumbatie. Nikasema Mungu wangu. Kifua hakikazwi! Nikashuka tena. Picha ya kiuno, chini yake: Hapa legeza. Picha ya nyonga, chini yake: Hapa vaa viatu. Na picha ya mwisho, ya urefu, chini yake hakuna kitu, kweupe.

Muuguzi akasema umeona. Nikasema hii si yetu.

Na ndivyo nilivyoamini, kuanzia saa ile mpaka jioni. Nikajua kuna mtu katuigiza. Kachukua picha za mkwe, kachukua maneno yangu, kayachanganya makusudi atuharibie jina. Hata mtu nilishamfikiria, Mungu anirehemu — yule fundi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Malkia kwa sababu ya shanga anazoshonea. Nilipotoka kununua uzi nilimsalimia kwa ubaridi. Yeye akaniuliza habari za mgongo wangu kama kawaida.

Muuguzi nimempima upya kwa mkono wangu. Kaniachia gauni, kaondoka na khanga niliyomwazima.

Ijumaa, 15 Machi

Nilimwambia mkwe asubuhi, kwa kunong'ona, kwamba tumeibiwa tovuti. Akaacha kunywa chai. Akaniuliza nimejuaje. Nikamsimulia ya muuguzi, viatu na nyonga. Nilitegemea akasirike kama mimi. Badala yake akachukua simu yake, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti kutoka juu, anashuka kwa kidole gumba. Akafika kwenye kifua. Kidole kikasimama.

"Mama," akasema, "ni ukurasa ule ule. Ni wetu."

Sikumwelewa. Ukurasa mmoja utakuwaje na sura mbili? Akanieleza mara ya kwanza, nikaitikia tu kwa heshima. Akanieleza mara ya pili kwa vijiko na vikombe, hapo nikaona. Kwenye kioo kikubwa maneno na picha vinakaa ubavu kwa ubavu, kama watu kwenye benchi. Simu ni nyembamba, benchi haliingii. Basi vinajipanga foleni, kimoja nyuma ya kingine: maneno ya kifua, picha ya kifua, maneno ya kiuno, picha ya kiuno. Foleni yenyewe haina kosa. Lakini mbele kabisa ya foleni yupo yeye anayetabasamu. Mtu anaona picha, kisha anasoma maneno ya chini yake. Kwa hiyo maneno ya kifua yanamwangukia anayetabasamu, ya kiuno yanaangukia kifua, ya nyonga kiuno, ya viatu nyonga. Wote wamesogea hatua moja, na wa mwisho kabaki bila mtu.

Nikamuuliza kama hakuwahi kuitazama kwenye simu. Akasema aliitazama. Alitazama kama picha zinaingia kwenye kioo, kama hazikatwi pembeni. Zikaingia vizuri, akafurahi, akaiacha. Hakuisoma. Halafu akasema, huku anatazama kikombe, "Na wateja karibu wote wanatumia simu, Mama. Mimi nimeitengeneza kwa ajili ya meza yangu."

Akaanza kulia. Akasema atauondoa ukurasa leo leo, atafuta kila kitu, aliahidi makubwa mbele ya watu wazima na hata kazi moja ya kwanza hakuiweza. Nikamshika mkono. Nikamwambia kweli ilivyo: yeye angeandika "kifua", hata kama picha zingeruka juu ya paa, mtu angejua ni kifua. Mimi ndiye niliyesema hapa, hapa, hapa, na kidole changu kwenye kioo, kama vile kidole kitakwenda na wao mpaka vyumbani kwao. Yeye kaandika alichoambiwa na mama mkwe. Nani angenisahihisha?

Akajifuta. Akasema, "Basi tumekosea wote wawili. Ila gauni linarudi kwako peke yako."

Sijui alijua kaniambia nini. Maneno hayo nimeshinda nayo.

Na nikiri mbele yako Baba: mtoto analia, na mimi ndani yangu kuna kitu kinapiga vigelegele. Si mikono! Si macho! Nilifurahi juu ya machozi ya mtu aliyenipa zawadi. Furaha gani hiyo? Siijui hata jina.

Halafu wakati napanga magauni ya kwaya nikakumbuka karani. Karani alinitajia siku ile aliponipigia kwamba alijipimia ofisini. Kwenye kompyuta.

Jumamosi, 16 Machi

Mkwe kampigia karani mwenyewe, kwa upole, kamuuliza. Karani kasema ndiyo, kompyuta ya shule, kioo kikubwa, anakumbuka kwa sababu mkuu wa shule alikuwa anapita pita.

Basi simu haikuhusika. Basi ni mimi?

Mkwe akafikiri, akaniita kwenye kioo chake. Akashika pembe ya ukurasa kwa ile panya yake, akausukuma ukawa mwembamba — na mbele ya macho yangu benchi likavunjika, vitu vikajipanga foleni kama kwenye simu. Kwa hiyo hata kompyuta ikibanwa inajifanya simu. Akasema labda karani aliubana ukurasa pembeni ili mkuu wa shule asione anajipima nguo saa za kazi. Tukampigia tena. Karani akacheka, akasema huwa anafanya hivyo, lakini siku ile hakumbuki. Labda. Labda siyo.

Labda. Neno hilo limeniketi kifuani. Baba watoto anasema nimeshapata jibu, nitafute nini zaidi, shukuru ulale. Nikamwambia jibu limebaki na tundu moja. Akasema hata wavu una matundu na unashika samaki. Huwa ana maneno. Lakini wavu hauulizwi kama uendelee kuwa wavu.

Jumatatu, 18 Machi

Kwaya. Niliahirisha kupiga simu kwa woga, leo nimepiga. Mwalimu wao ana sauti ya kusimamisha gari. Nilimweleza yote, nikamuuliza walijipimia kwenye nini. Nilikuwa naomba aseme kompyuta, wote. Halafu nikawa naomba aseme simu, wote, nijue moja.

Akasema walikutana ofisi ya usharika jioni moja, wakajipima mmoja mmoja kwenye kompyuta ya ofisi, kwa utaratibu, sauti ya kwanza ndiyo iliyotangulia. Akasema kwa raha kabisa, "Tulipofika sauti ya pili umeme ukakatika, Fundi. Tukamalizia kwa simu yangu, na mshumaa."

Nikakaa chini. Kwa hiyo nusu ni wa kompyuta na nusu ni wa simu, na yote nimeshayashona. Nikamuuliza umeme ulikatika kwa nani hasa. Akauliza wenzake, nikasikia vurugu, kila mtu anasema si mimi. Mwishowe wakakubaliana ni wakati wanaingia sauti ya pili, wala siyo katikati ya mtu. Ashukuriwe Mungu kwa kuzima umeme kwa utaratibu.

Nikamuuliza kama kompyuta ya ofisi waliibana pembeni ukurasa ukawa mwembamba. Akasema hajui swali hilo maana yake nini, lakini kioo kilikuwa kimejaa, alikuwa anaona kila kitu toka mlangoni. Vizuri.

Watajipima upya, sauti ya pili na ya tatu, safari hii kwenye kompyuta ya ofisi. Kisha Jumamosi wanakuja wote hapa kujaribu, wamepata gari.

Jumatano, 20 Machi

Tumeandika upya. Safari hii mkwe hakunikalisha mbele ya kioo kikubwa. Kanipa simu yake mkononi, kasema, Mama, tuanzie kwenye udogo, tukimaliza ndiyo twende kwenye ukubwa. Ndivyo inavyotakiwa, kasema, alifundishwa hivyo hivyo chuoni ila kioo kikubwa kilimtamanisha.

Kila nilipotaka kusema hapa, ulimi ukanikwama. Kifuani, pale palipotokeza zaidi. Kiunoni, pale unapojikunja ukiinama pembeni. Kumbe ni kazi ngumu kumwonesha mtu mahali bila kidole! Nimeshona maisha yangu yote, sikuwahi kuambiwa nieleze kiuno kwa maneno matupu. Tulimaliza tumechoka. Picha ya tabasamu kaishusha chini kabisa, mwisho wa ukurasa. Nilimwambia aiache, ni nzuri. Akasema imeshatugharimu.

Akamwita baba watoto ajipime kwa kufuata maneno tu, bila msaada, kwa simu. Yule bwana kajipima huku analalamika, akatangaza kiuno chake. Nikampima mimi. Kafanana. Mkwe akaruka. Halafu akakimbilia kompyuta kutazama kama huko hakujaharibika. Hakujaharibika. Akarudi kwenye simu. Akarudi kwenye kompyuta. Nikamwambia mwanangu, utachoka, ni nyumba moja yenye milango miwili. Akasema ndiyo, lakini kila mlango una mtu wake na ananigongea.

Vipimo vipya vya kwaya vimefika. Nimeyafumua kifuani yale ya sauti ya pili na ya tatu, ilikuwepo nguo niliyoiacha ndani ya mshono. Kiunoni nimeyabana. Chini nimeunga ukanda mweupe unaofanana na kola, yaonekane yalipangwa hivyo.

Nikamuuliza baba watoto kuhusu ile ahadi yangu kwa Mungu. Je, bado inanifunga, kama niliiweka bila kujua mambo ya simu? Akasema Mungu si karani wa mahakama. Nimeridhika kwa saa moja hivi. Kisha nikajiuliza: mimi sikusema yakiwakataa kwa kosa la simu. Nilisema yakiwakataa.

Jumamosi, 23 Machi

Wamekuja. Sebule imejaa, wengine wamekaa kwenye ngazi, viatu vimetapakaa mlangoni kama soko. Wanaimba hata wakitafuta mahali pa kukaa. Mwalimu wao ni mfupi kuliko sauti yake, kanikumbatia kiunoni. Naandika jikoni, nimesimama. Nimewaambia nakuja kutazama maji ya chai.

Sauti ya pili na ya tatu nimewaambia wasubiri. Baba watoto alinishauri nianze nao, hao nimeshawarekebisha, nipate moyo. Nikakataa. Kwa hao, lolote litakalotokea nitasema ni simu, ni mshumaa, ni ukanda. Nimemwita kwanza mmoja wa sauti ya kwanza. Mama mkubwa, mpole, mpishi wa shule. Alikuwa wa kwanza kabisa kupimwa jioni ile. Umeme unawaka, kioo kimejaa, maneno yamekaa na picha zake. Gauni lake nilikata, nikashona, sijaligusa tena. Huyu likimkataa sina wa kumsingizia.

Hatuwezi kujua mpaka avae. Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, kama anahitaji kuambiwa.

Kaingia nyuma ya pazia na mkwe. Nilikuwa niingie mimi. Nikawa nalikunja gauni na kulikunjua, mkwe akaona, akanichukulia.

Maji bado. Nasikia zipu. Inapanda. Imesimama. Inapanda tena, au inashuka, sijui, zipu ni ile ile kwenda na kurudi. Sebuleni wameacha kuimba. Kwa nini wameacha kuimba?

Mkwe kaniita. "Mama." Basi, hivyo tu. Si sauti ya furaha. Si ya msiba. Ni sauti ya mtu anayetazama kitu na hajamaliza kukitazama.

Nimechukua sahani ya pini. Nimeirudisha juu ya meza. Nimeichukua tena.

Ananiita mara ya pili.